"Kwa hiyo ni sisi": uchambuzi wa kisa cha familia iliyofiwa na mtoto

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wainjilisti, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya wanaotumwa kwenye nyumba za wafiwa, mara nyingi bila maandalizi yoyote zaidi ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Familia yenyewe imeridhia kiandikwe. Majina, mtaa na baadhi ya mambo yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa au kuyabadili. Mtoto nitamwita T., na wazazi wake Mama T. na Baba T.

Mimi ni mchungaji wa usharika mmoja upande wa Temeke, Dar es Salaam. Kosa kubwa katika kisa hiki ni langu.

Familia

Mama T. ana miaka thelathini na kitu, anauza maandazi na chapati asubuhi mbele ya nyumba waliyopanga. Mume wake ni fundi pikipiki. Walijaliwa watoto watatu. T., wa katikati, aligundulika ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, au sikoseli kama wengi mtaani wanavyouita, akiwa na mwaka mmoja na nusu, baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba na mtoto kulia usiku kucha. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo hakuna usharika jijini usiokuwa na familia ya namna hii, hata kama mchungaji hajui.

Tangu siku hiyo nyumba nzima iliishi kwa kufuata damu ya T.: kliniki, foliki asidi kila siku, maji ya kunywa hata asipohisi kiu, chandarua, na marufuku moja aliyoichukia kuliko sindano. Mvua ikinyesha, wenzake wakitoka kuchezea maji uani, yeye alibaki dirishani. Baridi inaweza kuamsha maumivu ya mifupa, na mama yake hakutaka kubahatisha.

Ndoa yao niliifungisha mimi. Kabla ya matangazo niliwadai majibu ya kipimo cha Ukimwi, kama tunavyofanya kwa wachumba wote. Habari ya seli mundu sikuigusa. Nao hawakujua kwamba mtu anaweza kuwa mzima kabisa, anabeba magunia, na bado akawa na kinasaba kimoja cha ugonjwa, yaani chembe ya urithi, asichokijua.

T. alifariki akiwa na miaka tisa, kipindi cha masika. Homa ilianza Jumatano, Alhamisi kifua kikabana, Ijumaa akalazwa na kuongezewa damu. Jumapili alfajiri akatutoka.

Msibani

Watu walisema yale tunayosema siku zote. "Sisi tulimpenda, Mungu kampenda zaidi." "Kazi ya Mungu haina makosa." Mjomba mmoja akaongeza kwamba huenda Mungu aliona mabaya yaliyokuwa mbele ya mtoto, akamwepusha nayo. Mimi kaburini nikasoma Ayubu 1:21, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, kama nilivyokwisha kuisoma kwenye makaburi mengi kabla ya hilo.

Mama T. alikaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, macho makavu. Aliposikia kwa mara ya tatu kwamba Mungu kampenda mwanawe zaidi, alijibu kwa sauti ambayo hata sisi tuliokuwa nje chini ya turubai tuliisikia: "Kama kupenda ndiko huku, basi hawa wawili asiwapende."

Akina mama wakamnyamazisha kwa upole, wakisema ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli. Lakini lilikuwa pia swali, na hatukulipokea kama swali.

Jibu nililompa

Siku ya nane nilikwenda nyumbani kwao peke yangu. Mama T. alinisalimia, akanipa kiti, akakaa chini karibu na mlango. Hakuzunguka.

"Baba Mchungaji, Mungu anaweza yote?"

"Anaweza, mama."

"Na anatupenda?"

"Anatupenda."

"Na alimwona T. anavyolia ile Ijumaa?"

Waliosoma falsafa watatambua kwamba mama huyu aliliweka tatizo zima katika sentensi tatu. Mungu ni mwenye nguvu zote, Mungu ni mwema, na maumivu yapo: shika mawili kati ya hayo, la tatu linaonekana kuteleza. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie alitumia hoja ya mtindo huu kudai kwamba imani ya namna hiyo inajipinga yenyewe. Chuoni tulifundishwa jinsi ya kuijibu hoja hiyo, nami jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Nikamweleza habari za hiari. Kwamba Mungu hakutaka vikaragosi, alitaka wana. Kwamba upendo wa kulazimishwa si upendo, na anayeweza kupenda kwa hiari yake anaweza pia kukataa. Kwamba Adamu alikataa, dhambi ikaingia, na kwa dhambi yakaingia magonjwa na mauti. Kwa hiyo, nikasema, maumivu haya hayakutoka kwa Mungu, yametoka kwetu sisi wanadamu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemalizia hesabu: "Kwa hiyo ni sisi."

Nikajibu, "Ndiyo, mama, ni sisi wanadamu." Nikaomba, nikaondoka nikiwa na amani. Nilidhani ameelewa. Nimeyarudia maneno yake manne mara nyingi tangu siku ile, na kila mara najiuliza niliwezaje kutoyasikia.

Miezi minne iliyofuata

Aliacha kuja jumuiya. Mwanzoni nilisema tumpe muda. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba jibu langu lilikuwa limeungana na sauti nyingine mbili.

Ya kwanza ilitoka kwa ndugu wa mume. "Kwetu ugonjwa huo haupo," walisema, wakimaanisha kwamba mwanamke ndiye aliyeuleta. Ya pili ilitoka kwa mhubiri mmoja wa maombezi ambaye Mama T. alipelekwa kwake na rafiki yake. Huyo alimwambia kuna laana ya ukoo, inatafuta watoto, na imebakiza wawili. Akamuuzia mafuta ya upako, na kumtajia sadaka ya kuvunja laana ambayo ilimaliza mtaji wa maandazi.

Sauti tatu, na zote zilisema jambo moja: limetoka kwako. Mimi nilisema kwa lugha ya theolojia, wakwe kwa lugha ya ukoo, mhubiri kwa lugha ya mapepo. Mama T. alihamia chumba cha watoto. Kwa mujibu wa Baba T., alisema hatazaa tena na hataki kuguswa, kwa sababu mwili wake unaua. Baba T. naye akaanza kurudi usiku wa manane kutoka kijiweni.

Aliyenijia na habari hizi ni jirani yao, mama mtu mzima wa Kiislamu wanayetumia naye ua mmoja. Alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada. "Mchungaji, yule binti yenu anajimaliza. Njoo, lakini usije na maneno." Yeye mwenyewe alikuwa amekaa na Mama T. karibu kila jioni tangu msiba, akichambua mchele, akiosha vyombo, akisema machache sana.

Uamuzi wa kurudi

Niliamua mambo matatu kabla ya kwenda. Kwanza, nisiende peke yangu: nilimwomba mzee wa kanisa mmoja, mama ambaye ni muuguzi mstaafu, tufuatane, kwa sababu nilianza kuhisi kwamba sehemu ya swali hili si ya mchungaji. Pili, niombe radhi kabla ya kusema lolote. Tatu, niulize ni "kwa nini" ipi inayomsumbua, badala ya kujibu ile niliyoizoea.

Nilipomwomba radhi, Mama T. hakujibu. Aliinuka, akatoa chini ya godoro daftari la mistari, jalada limeshikwa kwa selotepu. Lilikuwa daftari la kliniki la T. aliloliandika kwa miaka saba: tarehe, homa, kiwango cha damu, siku za kulazwa, mwandiko mzuri wa mtu aliyeishia darasa la saba. Baada ya ukurasa wa mwisho wa hospitali aliruka mistari miwili, kisha akaanza orodha nyingine, bila kichwa cha habari.

*Nilimwogesha maji ya baridi gesi ilipoisha.*
*Nilimwacha acheze mpira Jumanne.*
*Nilikasirika aliponiamsha.*
*Nilimpenda baba yake sikuuliza damu.*

Mstari ule wa nne ndio ulioniumbua. Nilimwambia kuna hiari, naye alikwenda kuitafuta, akaikuta.

Muuguzi alilisoma daftari lote taratibu, kisha akaomba kalamu. Kwenye karatasi tupu akachora miraba minne. Akamweleza kwamba seli mundu haiji kwa mzazi mmoja: lazima mtoto apokee kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa na ugonjwa, 2 kati ya 4 ya kuwa mbebaji kama wao, na 1 kati ya 4 ya kutokuwa nacho kabisa. Haihesabu aliyezaliwa kwanza, wala haina kumbukumbu ya mimba iliyopita. Kuhusu maji ya baridi, hakumdanganya. Alisema baridi inaweza kuchangia maumivu, lakini homa na kifua kubana hivi kwa kawaida huja na maambukizi, na mtoto aliyefikishwa kliniki kwa miaka saba bila kukosa hakuuawa na ndoo moja ya maji.

Baba T., aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, ndipo akaingia ndani. "Kwa hiyo na mimi ninacho," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulisema hilo ndani ya nyumba ile. Mama T. alimtazama, akalia.

Mazungumzo kuhusu malaria

Sehemu hii naieleza kirefu kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kuanguka mara ya pili.

Baba T. aliuliza kwa nini kitu kibaya hivi kiko kwenye damu za watu wengi. Muuguzi akamjibu ukweli: kinasaba hiki kimeenea zaidi mahali ambako malaria imekuwa ikiua kwa vizazi vingi, kwa sababu mwenye kinasaba kimoja tu anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha uhusiano huo. Kimoja kinakinga, viwili vinaumiza.

Baba T. alinyamaza kidogo. "Basi huenda kilichomuua mwanangu ndicho kilichoniokoa mimi utotoni."

Nilihisi mahubiri yananipanda kooni: tazameni jinsi Mungu alivyopanga, hata katika ugonjwa kuna rehema, maelfu wameokoka na malaria kwa ajili ya hiki hiki. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama T. akatangulia: "Na T. ndiye aliyelipa?"

Nikafunga mdomo. Ukweli wa kisayansi unaeleza jinsi jambo linavyotokea. Nikiugeuza kuwa mpango wa upendo, nitakuwa nimemfanya Mungu mtu anayenunua uhai wa wengi kwa kilio cha mtoto mmoja, na nimemwambia hivyo mama wa mtoto huyo. Nilimwambia sijui. Nilisema naamini Mungu ni mwema, naamini alimwona T. ile Ijumaa, na sijui kwa nini hakuzuia. Halafu nikafungua Zaburi ya 88, nikaisoma yote. Ni zaburi isiyoishia kwenye sifa. Mwanzo wake ni kilio, mwisho wake ni giza, na Kanisa limeihifadhi vilevile katika maombi yake. Mama T. aliomba niisome tena.

Matokeo

Watoto wawili waliobaki walipimwa: mmoja ni mbebaji, mwingine hana. Mama T. aliacha kwenda kwa yule mhubiri. Fedha hazikurudi. Alirejea jumuiya baada ya miezi mitano, ingawa mtu akisema "Mungu kampenda zaidi" kwenye msiba wowote yeye hutoka nje. Wenye jumuiya wameanza kuliacha neno hilo, bila kutangaziana. Wakwe wawili walikuja kumwomba radhi, wa tatu bado.

Baba T. hajarudi kanisani. Ananisalimia vizuri, na kwa siku za kliniki humpeleka yule muuguzi mstaafu kwa pikipiki yake kwenda kuongea na wazazi wengine, bila kudai nauli. Ibada hataki.

Usharika umeongeza kipimo cha seli mundu katika mafundisho ya ndoa. Tulibishana. Mzee mmoja aliuliza kama wachumba wote wawili wakikutwa wabebaji tutawakatalia ndoa. Tuliamua hatutakataza. Watajua, wataelezwa, wataamua wenyewe.

Uchambuzi

Kilichoshindwa kwanza ni jibu la hiari kutumika mahali pasipo pake. Naamini bado katika hiari. Mwaka jana nilimzika kijana aliyegongwa na dereva mlevi, na mama yake aliponiuliza kwa nini, nilisema yule dereva alichagua kunywa na kuendesha, na Mungu hakumchagulia. Hapo jibu lilishika, japo si lote, maana naye aliniuliza kwa nini Mungu hakuizima injini ya gari lile. Lakini kinasaba hakina nia. Hakuna aliyechagua. Wanateolojia wametenganisha tangu zamani ubaya utokao kwa matendo ya watu na ubaya utokao katika maumbile, na mimi nilijua hilo kwa mtihani. Ili hiari ifike hadi kwenye ugonjwa wa damu, lazima uivute mpaka kwa Adamu, kama alivyofanya Agostino, mwalimu wa Kanisa la kale. Tatizo ni kwamba Adamu yuko mbali na mama yuko karibu. Mfiwa akiambiwa mzazi wa kwanza alikosa, anasikia mzazi.

Pili, nilichanganya kazi mbili. Mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga, ambaye hoja yake ya hiari ya mwaka 1974 ndiyo iliyotufikia vyuoni, alikuwa akionyesha jambo dogo na muhimu: kwamba kuwapo kwa Mungu mwema na kuwapo kwa ubaya havipingani kimantiki. Hakudai kujua sababu ya Mungu kuruhusu kifo hiki au kile. Ni kinga dhidi ya shtaka, na mimi niliitumia kama dawa ya kidonda.

Tatu, zile faraja za msibani. Ile ya kwamba Mungu alimwepusha mtoto na mabaya ya mbele ina tundu ambalo Waislamu waliliona zamani. Kuna mjadala unaosimuliwa wa mwanateolojia wao al-Ash'ari na mwalimu wake al-Jubba'i, kuhusu ndugu watatu: mwema, mwovu, na aliyekufa mtoto. Mtoto akiambiwa alichukuliwa mapema kwa sababu angekuja kuwa mwovu, yule mwovu atapiga kelele kutoka motoni: basi mimi mbona sikuchukuliwa mapema? Mwalimu hakuwa na jibu. Sasa fikiri watoto wawili waliobaki wa Mama T. wakiisikia faraja ile.

Nne, Maandiko niliyoyahitaji yalikuwepo, nikayaruka. Wanafunzi walipomwona kipofu wa kuzaliwa waliuliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Alipopashwa habari za watu waliouawa, yeye mwenyewe akataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Ezekieli 18 inapiga marufuku mithali ya baba kula zabibu kali na meno ya watoto kutiwa ganzi. Kabla ya kumweleza Mama T. asili ya ubaya, nilipaswa kumwondolea shtaka. Ningeanza na Yohana 9, huenda daftari lile lisingekuwa na ukurasa wa mwisho.

Kilichofanya kazi zaidi, nikisema kweli, si changu. Ni ile miraba minne, na ule mchele uliochambuliwa jioni baada ya jioni. Rafiki za Ayubu hulaumiwa sana, lakini siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno, na hakuna anayewalaumu kwa siku hizo. Jirani yule alikaa zaidi ya siku saba.

Mwenzangu mmoja katika huduma, niliposimulia kisa hiki, alisema nimemwacha mama bila jibu, na kwamba mchungaji anayesema "sijui" anafungua mlango kwa wahubiri wa mafuta. Naichukulia kwa uzito hoja hiyo, kwa sababu ni kweli watu huenda kwa mwenye jibu. Lakini Mama T. alikwenda kwa yule mhubiri baada ya mimi kumjibu, si baada ya kusema sijui.

Swali lililobaki wazi

Mwaka mmoja baada ya kifo tulikutana nyumbani kwao kwa ibada fupi. Jirani alikuja na kahawa na kashata. Baba T. alikaa nje kwenye pikipiki, lakini hakuondoka. Tulipomaliza, wingu lilikuwa limefunga na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Watoto wawili wakamtazama mama yao, naye akawapungia mkono waende. Wakatoka mbio uani.

Mama T. aliwaangalia kwa muda mrefu kupitia dirisha lile lile. Kisha akaniuliza, bila kugeuka:

"Huko aliko, Baba Mchungaji, mvua ipo?"